Mwizi wa Jiwe la Pedali

Jumatatu, 28 Aprili

Daftari hili nilipewa na ofisi niandike hitilafu za mabomba. Hitilafu nitaandika kwingine. Humu nitaandika watu, kwa sababu mabomba ya shule hii nayajua yote na hayajawahi kunidanganya.

Muhula wa pili umefunguliwa leo, pamoja na mvua. Wasichana mia sita na arobaini wameteremka kwa matope kutoka barabara ya Kiganjo, masanduku kichwani, na kabla ya saa kumi choo cha bweni la juu kilikuwa kimeziba. Karibu kazini, Waithira.

Kuna mambo mawili mapya. La kwanza ni mashine. Madam Wachuka, mwalimu mkuu, amenunua mashine ya umeme ya kuzibua mabomba. Ni pipa la chuma lililolala juu ya magurudumu, na ndani yake amejikunja nyoka: waya mnene uliosokotwa kama springi, mita ishirini, kichwani ana meno. Ukiwasha, pipa linazunguka na nyoka anazunguka nalo, wewe unamlisha kwenye bomba kwa mikono anatafuna uchafu. Miaka kumi na moja nimezibua kwa fito na kwa mkono wangu mpaka begani. Nilipoigusa ile mashine nilitaka kulia.

La pili ni Abdikarim, fundi wa umeme, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kutoka Nanyuki. Mpole kupita kiasi. Madam akasema, "Mama Nyawira, mtasaidiana." Mtasaidiana! Phyllis, mpishi mkuu, ambaye ni rafiki yangu na masikio ya shule nzima, amenidokezea jikoni ati bodi itakaa mwisho wa muhula kuamua kama tunahitaji mafundi wawili, au mmoja wa kufanya kila kitu. Sasa nimeelewa.

Mimi sina shamba. Kipande cha marehemu mume wangu kiligawanywa na shemeji zangu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mikono hii miwili ndiyo shamba langu, na ndiyo inayomsomesha binti yangu Nyawira chuoni Kerugoya. Mtu akija kuitolea macho nitamwona kabla hajaniona.

Jumatano, 30 Aprili

Bomba la jikoni limenipa nafasi ya kuijaribu. Mashine imekuja na plagi ya pini mbili za mviringo, na soketi zetu zina matundu matatu. Si shida. Nilichomeka kalamu kwenye tundu la juu, matundu mengine yakafunguka, plagi ikaingia kwa kulazimishwa kidogo. Kenya nzima inachaji simu hivyo.

Shida ilikuwa mvua. Shimo la bomba la jikoni liko nje uani, na siwezi kuacha mashine mpya inyeshewe. Nikaiweka chini ya upenu wa jiko, hatua tatu kutoka shimoni, nikamvuta nyoka mpaka shimo. Lakini mashine inaendeshwa kwa pedali: ukikanyaga inazunguka, ukiondoa mguu inasimama. Mguu wangu hauna urefu wa hatua tatu. Nikatafuta jiwe zuri, bapa, kama kilo nne hivi, nikaliweka juu ya pedali. Mashine ikanguruma yenyewe, na mimi pale shimoni nina mikono yote miwili. Dakika ishirini, bomba likameza maji kwa sauti. Nilijipigia makofi.

Phyllis alikuwa mlangoni na mwiko wake.

"Wewe Mama Nyawira, hiyo kitu iko na mahali ya mguu. Mbona unapatia jiwe kazi ya mguu?"

"Wewe chunga githeri yako isiungue."

Akacheka, lakini hakuondoka. Abdikarim naye alikuja na ule upole wake. "Mama, samahani. Pedali imewekwa ndiyo ukiruka, mashine isimame. Na ingekuwa vizuri iwe karibu na shimo."

"Mimi nimezibua vyoo kabla wewe hujaota meno."

"Ni kweli, mama."

Mtu anayekubali upesi hivyo ana lake jambo. Akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Nikamuuliza anaandika nini. "Ya kazi tu, mama." Ya kazi tu. Mimi pia naandika.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Abdikarim alienda msikitini mjini mchana, akarudi na boksi dogo chini ya kwapa. Hakusema ni la nini na mimi sikumuuliza.

Jumanne, 6 Mei

Mashine ikizunguka na viatu vikiwa vimelowa, chuma chake kinatekenya mkono. Kidogo tu. Labda ni upya.

Jiwe langu halipo. Nililiacha stooni, kando ya mashine. Ufunguo wa stoo unatundikwa ofisini, ambapo kila mfanyakazi anaufikia. Nani anaiba jiwe? Katika nchi hii ambayo ukilima utavunja jembe kwa mawe?

Ijumaa, 9 Mei

Plagi imekatwa! Plagi ya mashine, mpya, ya kutoka ng'ambo, imekatwa na mahali pake imefungwa nyingine nyeusi ya pini tatu. Nilimfuata Abdikarim mpaka chumba cha jenereta.

"Nani amekuruhusu kukata mashine yangu?"

"Madam anajua, mama. Ile ya kwanza ilikuwa haishiki waya ya erthi. Umeme ikivuja kwa chuma, ilikuwa inapitia kwako iende chini. Sasa itapitia kwa waya." Kisha akaniangalia viatu. "Ilikuwa inakutekenya?"

Amejuaje? Mtu anajuaje mashine inatekenya, kama si yeye aliyeifanya itekenye? Nimetembea na swali hilo siku nzima.

Jumatatu, 12 Mei

Haitekenyi tena. Imenizoea.

Alhamisi, 15 Mei

Leo umeme umejikata mara tatu nikiwa katikati ya kazi. Niko bweni la chini, nyoka ameingia mita nane, ghafla kimya. Narudi kwenye soketi, nawasha, nafanya dakika mbili, kimya tena. Mara ya tatu nilimkuta Abdikarim amechuchumaa mbele ya soketi. Kumbe ndilo lile boksi! Amefunga swichi ya kujikata yenyewe, ukutani, na nyingine jikoni, bila kuniambia.

"Inakata umeme ikivuja, mama, kabla ikufikie. Si mashine iko na makosa, ni hii ekstensheni yako. Angalia, jointi imefungwa na selotepu, na imelala kwa maji."

"Ekstensheni hii nimeitumia miaka sita."

"Mungu amekusaidia miaka sita."

Haki ya Mungu, nilitaka kumtia ngumi. Kazi ya saa moja imechukua saa tatu, na Madam alipita akanikuta nimesimama kama mtu asiye na kazi. Hilo ndilo lengo. Nionekane mzembe mbele ya watu, bodi ikikaa jina langu liwe limeoza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ekstensheni mpya ameleta yeye mwenyewe jioni. Nimeipokea kwa sababu ile ya zamani ameichukua.

Jumanne, 20 Mei

Jiwe la pili limepotea.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua, mvua, mvua. Kutoka bomba la bweni la juu: pedi tisa, soksi moja, kijiko cha shule, na barua ya mapenzi ambayo sikuisoma yote.

Alhamisi, 29 Mei

La tatu. Hili nilikuwa nimelitia alama ya rangi ya buluu chini, makusudi. Nimezunguka shule nzima nikipindua mawe kama mtu anayetafuta nyungunyungu wa kuvulia samaki. Wasichana wa kidato cha kwanza walisimama kunitazama.

Nilimwendea Phyllis jikoni nikamwambia yote. Plagi, swichi, mawe. Alikuwa akikoroga uji kwenye sufuria ile kubwa, hakugeuka.

"Na unadhani ni huyo Abdikarim?"

"Nani mwingine? Anataka nishindwe."

"Bila jiwe unashindwa?"

"Bila jiwe nafanyaje kazi nikiwa mbali na pedali?"

Ndipo akaanza tena ile hadithi ya kaka yake Kingori, kule Murang'a, aliyekuwa na kinu cha kusaga mahindi. Swichi ya kinu ilikuwa inaruka, wakaifunga na mpira wa tyubu isijizime. Siku moja mkanda ukashika mkono wa sweta. Naijua hadithi hiyo. Kingori anakula kwa mkono wa kushoto mpaka leo. Nikamwambia kinu ni kinu na mashine yangu ni mashine yangu, na mimi ni fundi na yeye ni mpishi. Alikoroga uji kwa nguvu zaidi.

Nimeongea vibaya, najua. Lakini mtu ukimletea shida yako, si lazima akuletee na ya kaka yake.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua imepungua, na baridi imechukua zamu. Ukungu haujainuka mpaka saa sita mchana. Nyawira alikuja Jumamosi na zawadi: glavu za sufu nyekundu, amezifuma mwenyewe kati ya masomo. Zimenikaa vizuri ajabu. Nimezifanyia kazi leo siku nzima na vidole vyangu, kwa mara ya kwanza tangu Mei, nimevisikia.

Sasa tazama. Mchana nimekuta juu ya mashine glavu za ngozi, kubwa, ngumu, za kiume. Abdikarim anasema ati za sufu ni hatari, nyoka akizunguka uzi mmoja unatosha kukuvuta. Ati hata leso shingoni nifungue. Kesho ataniambia nizibue nikiwa uchi! Nilimwambia hizi zimefumwa na mwanangu. Akasema, "Ni nzuri sana, mama. Vaa ukienda kanisani."

Glavu zake ziko kwenye ndoo, stooni.

Jumatano, 11 Juni

Bomba la jikoni tena. Abdikarim alitaka kusogeza mashine mpaka shimoni, nikamwambia itanyeshewa na manyunyu. Akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali ananifundisha, mimi niliyezibua shule hii kabla hajaijua njia.

Ijumaa, 13 Juni

Jiwe la nne. Hata siandiki zaidi.

Jumatano, 18 Juni

La tano limepotea, lakini leo nimepata ushahidi.

Abdikarim alipanda paa la maktaba, akaacha koti lake kwenye kiti cha ofisi. Kijitabu kilikuwa kimechungulia mfukoni. Sikukichukua. Nilikivuta kidogo tu kwa kidole, ukurasa mmoja ukafunguka. Nimesoma kwa macho yangu: *Mama Nyawira. Pedali. Mara 6.* Chini yake tarehe, zimepangwa. Hatua za mwalimu zikasikika nikakirudisha.

Ananihesabu! Anaweka rekodi yangu kama mtu wa mahakama, aipeleke kwa bodi. Nilikaa juu ya ndoo stooni. Uoga nilikuwa nao, na hasira, siwezi kusema ipi ilikuwa kubwa. Nikitoka hapa nitaenda wapi na miaka hamsini na mbili? Nani ataajiri mwanamke wa mabomba mjini, mahali penye vijana kumi kila kona?

Ijumaa, 20 Juni

Nimeandika barua kwa Madam. Kurasa mbili. Kwamba fundi wa umeme anaingia stoo yangu bila ruhusa, ameharibu plagi, ameweka kitu cha kunikatia umeme, na anaiba vifaa vyangu vya kazi. Sikuandika "mawe". Niliandika "vifaa". Sijamwambia mtu, hata Phyllis.

Jumatatu, 23 Juni

Abdikarim ameambiwa arudi Nanyuki akae nyumbani mpaka bodi isikilize. Alipita stooni kuniaga. Nilitarajia maneno.

"Kaa salama, mama," akasema. "Hiyo swichi ya ukuta iko na kidude. Bonyeza kila asubuhi kabla ya kazi. Ikiruka ikate umeme, iko sawa. Isiporuka, usitumie."

Mtu hatoki kwenye ubaya aliofanya akiwa ametulia hivyo. Nilimtazama mpaka getini. Ana watoto wawili, wasichana, aliwahi kunionyesha picha.

Nimebonyeza kile kidude, nione tu. Kimeruka.

Alhamisi, 26 Juni

Jiwe la sita limepotea.

Nimesimama stooni nikiwa nimeduwaa. Abdikarim yuko Nanyuki. Kwa hivyo nimeelewa: ameacha mtu ndani. Nimewapitia wote kichwani. Bawabu? Karani, ambaye hucheka bila sababu? Phyllis pekee ndiye ninayemwamini, na hata yeye siku hizi ananiangalia mikono badala ya uso.

Ijumaa, 4 Julai

Naandika nimekaa chini ya upenu, nikisubiri manyunyu yapungue. Kesho ni siku ya wazazi. Asubuhi bomba la jikoni limerudisha maji: mafuta, maharagwe, maganda, yote yamefurika hadi mlango wa bwalo. Madam amekuja na gambuti zake akaniambia, "Mama Nyawira, nakutegemea," na uso wake haukuwa wa kutegemea. Bila bwalo hakuna siku ya wazazi. Ninajua itaandikwa kwa jina la nani.

Stoo haina jiwe. Bila shaka! Nimeenda kwenye mzunguko wa bendera nikang'oa moja la mawe yaliyopakwa chokaa. Wakitaka waniulize. Baridi inauma mpaka kwenye mifupa, nimevaa glavu za Nyawira. Manyunyu hayapungui. Naanza.

Jumatano, 16 Julai

kushoto. Naandika kwa mkono wa kushoto. Pole pole.

Niko hai. Mkono upo.

Ijumaa, 18 Julai

Leo mwandiko unasomeka kidogo. Niseme ilivyokuwa kabla kichwa changu hakijaanza kuitengeneza.

Nilibonyeza kidude, kikaruka, nikakirudisha. Mashine chini ya upenu, jiwe jeupe juu ya pedali, mimi nimepiga magoti shimoni, hatua tatu. Nyoka aliingia vizuri hadi kama mita kumi na mbili. Hapo akashika kitu. Kichwa chake kikasimama huko ndani lakini pipa halikusimama, lilikuwa na jiwe, lingesimamaje? Nilihisi waya ukikaza mikononi, ukiwa mgumu, na nilijua. Fundi anajua. Mguu wangu ulikanyaga-kanyaga matope ukitafuta pedali ambayo haikuwepo.

Kile kipande kirefu cha waya kati ya shimo na mashine kiliinuka kutoka chini kikajikunja kitanzi. Kilinipiga mkono wa kulia. Kama ungekuwa mkono mtupu pengine ungeteleza. Sufu haikuteleza. Uzi ulishikwa, ukavutwa, na glavu yote ikafuata na mkono ndani yake. Nilisikia kifundo kikivunjika kabla ya kusikia maumivu. Nililia "Maitũ!" na mama yangu alikufa miaka ishirini iliyopita.

Kisha mashine ikanyamaza.

Phyllis alikuwa amesimama chini ya upenu na jiwe jeupe liko mbali kwenye majani. Alikuwa amelipiga teke. Aling'oa plagi ukutani, akaja mbio na kisu cha nyama, akakata sufu uzi kwa uzi huku akisema, "Usivute, usivute, nakuja, usivute." Alipomaliza ndipo alipoketi matopeni akalia kuliko mimi.

Hospitali ya mjini wamefunga kifundo kwa vyuma. Kidole cha pete wamekitoa. Daktari amesema sekunde tano zaidi na tungekuwa tunaongea habari za kukata mkono.

Jumamosi, 19 Julai

Phyllis amekuja nyumbani na githeri na chupa ya uji. Nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelala nalo kitandani wiki mbili: alikuwa anafanya nini uani saa ile, na jikoni kumefurika?

Alifunika sufuria. Akaifunua. Akaifunika tena.

"Nilikuwa nimekuja kuiba jiwe."

Sikuelewa. Akarudia.

"Yote ni mimi, Mama Nyawira. Sita iko nyuma ya kuni, jikoni. Ile yako ya rangi nimeigeuza chini. Kila siku nikiona umeweka jiwe hapo, naona Kingori. Nilikuambia kwa mdomo ukaniambia nichunge githeri. Nikasema basi, wacha nimnyime jiwe, atachoka, ataweka mguu. Kumbe wewe huchoki!"

"Na ukaniacha nikimshuku Abdikarim?"

"Wewe unashuku kila mtu. Unashuku hata mvua. Nilijua ni maneno tu ya mdomo. Ungeniambia umeandika barua juu ya mawe, haki ningeenda kwa Madam siku hiyo hiyo."

Nilimwangalia. Hakusema ile methali ya asiyesikia la mkuu. Angeisema ningempiga kwa ule mkono mzima. Tulikula githeri. Alinilisha vijiko vya kwanza, mpaka nikamwambia kushoto naweza.

Jumanne, 22 Julai

Nimeenda kwa Madam Wachuka. Nilivaa nguo za kanisani, kwa sababu nilidhani ni siku yangu ya mwisho pale.

Nilimwambia: Hakuna aliyeiba. Vifaa nilivyoandika ni mawe. Nilikuwa nikiyaweka juu ya pedali. Plagi ilibadilishwa kwa sababu nilikuwa nachomeka kalamu. Umeme ulijikata kwa sababu ya ekstensheni yangu. Mengine yote kwenye ile barua ni kweli ila maana yake. Ni mimi. Kila sentensi ilinitoka kama jino.

Kuhusu aliyekuwa akiyachukua mawe, nilisema ni mtu aliyenipenda, na nisingemtaja. Madam akasema, "Phyllis alikuwa hapa jana." Basi.

Alifungua dawati akatoa kijitabu cha Abdikarim. Alikiacha huko siku ile aliyorudishwa Nanyuki, kujitetea, na Madam hakukifungua. Tulikifungua pamoja. Ni soketi za shule nzima, chumba kwa chumba, ipi ina erthi, ipi haina. Na ule ukurasa wangu, wote sasa, ukiacha zile tarehe: *Mama Nyawira. Pedali. Mara 6. Hasikii. Pengine ni mvua: anaogopea mashine kunyeshewa. Nijenge kibanda cha mabati juu ya shimo la jikoni, asogeze karibu. Niombe Madam mabati matatu.*

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nililia pale kwenye mzunguko wa bendera, mbele ya lile pengo la jiwe moja.

Jumatatu, 28 Julai

Abdikarim amerudi. Nilimngoja getini tangu saa moja, kwenye ukungu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipomwona yalibaki mawili: "Nisamehe, mwanangu."

Aliushika mkono wangu wa bandeji kwa viganja viwili, kama alivyonisalimia siku ya kwanza, na wala hakuuliza habari zake.

"Madam alikusomea barua yangu?" nikauliza.

"Yote, mama."

"Ukajua nazungumzia mawe."

"Nilijua."

"Na ulijua ni nani anayachukua?"

Aliangalia kando, jikoni, ambako moshi ulikuwa ukitoka. "Nilimwona mara mbili, chini ya aproni. La pili lilikuwa kubwa, alitembea kama mja mzito." Akacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka.

"Watoto wako wamekaa mwezi mzima baba hana kazi. Kwa nini hukumtaja?"

"Ningemtaja, angeacha kuyachukua," akasema. "Na wewe ungeendelea kuyaweka."

Kisha akauliza mabati yako wapi.

Alhamisi, 31 Julai

Shule imefungwa leo. Bodi imesema mafundi wawili wabaki. Mimi nimepewa barua ya onyo, nimeisoma mara mbili, ni ya haki.

Mchana tulijaribu bomba la jikoni, mimi na Abdikarim, chini ya kibanda kipya. Yeye ndiye alikuwa mikono, amevaa zile glavu za ngozi. Nilizipima kwanza mimi, kidole kimoja kikabaki hakina mtu ndani. Tulibonyeza kidude cha ukutani, kikaruka. Tuliinua ekstensheni isiguse maji. Mashine ilisogezwa mpaka shimoni, urefu wa mkono tu, halafu nikamwambia akanyage, aachie, akanyage, aachie, kabla hata nyoka hajaingia. Aliachia na ikasimama kila mara.

Phyllis alitoka jikoni akijifuta mikono. Aliangalia pedali kwanza, ndipo akatusalimia.